Msimu Kasongo Alipokosa Sauti

Avenue ya 9, Komini ya Tshopo,
Kisangani.
Tarehe 17 Juni 2024

Mpendwa Yaya Simone, dada yetu mkubwa,

Pokea salamu zetu sisi sote wa nyumba hii. Lubumbashi mnaendeleaje na baridi ya Juni? Na goti lako, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi ni wazima, Mungu ashukuriwe. Samaki wamejaa sokoni mwezi huu, kwa hiyo hata mimi nimenenepa.

Najua swali lako la kwanza. Ulisikia kwamba mdogo wako, huyu mume wangu Kasongo, anaumwa koo, ukapiga simu mara tatu, asijibu. Yaya, hakukudharau. Hakuwa na sauti ya kujibia! Sasa amepona kabisa, na nimeona nikuandikie yote, maana kwenye simu ungecheka tu na kunikatiza.

Unakumbuka mwaka jana alipewa kufundisha timu ya mpira ya shule ya kijeshi. Alifurahi kama bwana harusi. Lakini kufika Aprili walikuwa wa mwisho kati ya timu kumi na mbili za ligi ya mji. Mkuu wa shule akamwambia wazi: wakishuka daraja, mwakani hakuna timu, hizo saa watapiga kwata.

Mimi si mtu wa mpira, lakini hata mimi niliona ugonjwa uko wapi. Wale makadeti wamefundishwa kutii. Mtu akipata mpira, anasimama, anamgeukia Kasongo, adjudant wake, mkubwa wake wa jeshi, kungoja amri. Kasongo alikuwa anapiga kelele tangu dakika ya kwanza: "Kuume! Kushoto! Piga!" Akisha kutamka, adui ameshauchukua mpira. Siku moja akakasirika: "Musiniangalie mimi, muangalie mupira!" Wote kumi na mmoja wakamgeukia, wakajibu pamoja: "Ndiyo, mon adjudant!" Wakafungwa bao palepale.

Na penalti, Yaya! Penalti ilikuwa inapigwa na mwenye cheo kikubwa. Huyo ni kapteni Lionel, kijana mwema wa Isangi, lakini penalti hajui. Alikosa mbili, na hakuna aliyethubutu kusema neno.

Bon, katikati ya Mei walicheza kwenye mvua kubwa, Kasongo akapaza sauti dakika zote tisini. Kesho yake akaamka, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Daktari akamwambia anyamaze wiki nne, asinong'one hata, la sivyo sauti inaweza isirudi tena. Nilimletea kibao na chaki kutoka darasani kwangu. Nyumba ilikuwa kimya hata majirani walikuja kuuliza kama tumegombana.

Mechi iliyofuata alisimama pembeni, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Dakika kumi za kwanza zilitia huruma. Mpira ukimfikia mtu, anageuka kumtazama Kasongo, naye Kasongo anatazama mawingu. Kisha Lionel akachoka kungoja, akampelekea mwenzake mpira bila kumwuliza mtu. Haukupotea. Basi wakaanza kuitana wenyewe kwa wenyewe, kwanza kwa sauti ndogo, halafu kama wachuuzi wa soko. Sare, bila kufungana. Walirukaruka kama waliochukua kombe. Mechi mbili zilizofuata wakashinda, na nilimwona mume wangu akifuta macho kwa kofia yake.

Ikabaki mechi moja, juzi Jumamosi, na vijana wa Mangobo. Tukishinda tunabaki kwenye ligi, tukitoka sare tunashuka. Asubuhi hiyo, mezani, nikasikia mtu anasema: "Adèle, hii chai iko na sukari mingi." Nilitaka kupiga vigelegele, akaniwekea kidole mdomoni.

"Usiambie mutu," akasema. Akazungusha kikombe chake. "Batoto banacheza muzuri kama mimi nanyamaza. Sasa nifanye nini?"

Nilijua maneno hayo yamemgharimu. Nikamwambia, "Njoo ukae na mimi kwa watazamaji."

Akakaa kweli! Alinishika mkono, na hadi leo vidole vinaniuma. Mangobo wakatangulia kufunga, sisi tukasawazisha. Dakika za mwisho mwamuzi akatupa penalti. Lionel akauchukua mpira, akauweka pahali pake, akarudi nyuma hatua nne. Ghafla akaurudia, akauokota, akampelekea Bilali, kadeti wa mwaka wa kwanza kutoka Kindu, ambaye hata kuwatazama wakubwa usoni alikuwa anaogopa. Kasongo akasimama, mdomo wazi. Nilimvuta shati. Akajikaza, akakaa.

Bilali akapiga chini, pembeni kabisa. Goli!

Hapo Kasongo akashindwa kujizuia. Alitoa mlio ambao nadhani ulifika ng'ambo ya mto, Lubunga. Na wale makadeti waliokuwa wamelaliana juu ya Bilali, waliposikia sauti hiyo, wakanyanyuka wote, wakajipanga mstari, mikono kwenye paji la uso! Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Kasongo akawaambia, machozi yanamtoka: "Mucheze! Mucheze, batoto!" Wakacheza, Yaya, mpaka filimbi ya mwisho, kisha sisi tukaingia uwanjani kucheza ngoma nao, mimi na viatu mkononi.

Tumekuwa wa tisa. Ukituona ungedhani ni mabingwa wa Afrika. Jana nilipika liboke, samaki wa kwenye majani, na lituma, ndizi za kuponda, ya watu ishirini, kikabaki chungu kitupu.

Makadeti walipoondoka, binti yetu Sandrine alikaa karibu na baba yake. Anamaliza sekondari mwaka huu, na Kasongo alikwisha kuamua awe daktari. Sandrine akamwambia kwamba hataki udaktari, anataka kusoma kilimo. Alieleza muda mrefu. Kasongo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu: "Na mimi nikusaidie wapi?"

Nisalimie sana Tonton Zacharie, Fanny na mapacha wake, na Mama Claudine wa pale jirani. Mungu akulinde unapolala na unapoamka, akupe nguvu za miguu utufikie mwaka huu. Kasongo anasema atakupigia simu leo jioni, tayarisha masikio.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda kama dada wa tumbo moja,

Adèle