Baba, Uliligawa Shamba Ukaisahau Chemchemi

Baba,

Nimekaa na hasira hii tangu tukuzike. Leo naitoa, kwa sababu kusema na wanao kumenishinda.

Unaikumbuka chemchemi ya chini ya shamba letu hapa Kisian? Ulinipeleka nikiwa darasa la pili, ukanifundisha kuzamisha kibuyu bila kutibua matope. "Atieno, maji haya hayajawahi kumnyima mtu," ulisema. Mikuyu iliizunguka, na hakuna aliyethubutu kukata tawi mbele yako.

Lakini ulizaa watoto kumi na wawili, Baba. Mama alipokuambia shamba halivutiki kama mpira, ulicheka: "Kila mtoto huja na sahani yake." Ulipougua, ukawagawia wavulana saba, kila mmoja ukanda mwembamba. Sisi mabinti hukutupa hata pa kuanika nguo. Na chemchemi? Hukusema ni ya nani wala nani ailinde. Kimya hicho sijakusamehe.

Wanao nao wakazaa. Mikuyu ikaisha mmoja mmoja, ikawa makaa. Kisha Ouma, kifungua mimba wako, akaleta watu wachimbe choo cha nyumba za kupangisha, hatua chache tu juu ya chemchemi. Nilipata habari nikiwa kwangu mjini Nyalenda, nikaja mbio. Mimi na wake wa ndugu zangu tukaketi ndani ya lile shimo kutwa nzima.

"Toka, dada," Ouma akasema. "Nina watoto tisa. Walale wapi?"

"Na wanywe nini?"

Nilitaka kumpiga. Halafu nikaona machozi yanamlengalenga, nikakasirika zaidi, maana hata wa kumchukia nilimkosa.

Tulipoondoka, alichimba. Mvua za kwanza tu, maji yakanuka. Watoto watatu wakalazwa kwa kuhara. Walipona, namshukuru Mungu, lakini chemchemi tuliifukia kwa mawe, sisi wanawake. Ziwa liko pale, tunaliona, limejaa uchafu wa mji mzima. Na wanasiasa wakija kwenye matanga wanatuambia tuzae, tupate kura! Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hao wapiga kura watakunywa nini.

Jumapili Ouma alinipigia simu. Mwanawe mkubwa anataka kuoa, na lazima ajenge.

"Imebaki sehemu moja tu, dada," akasema.

Nilielewa. Ni pale ulipolala wewe.

Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, "Sawa. Basi nionyeshe pengine."

Nimetafuta wiki nzima, Baba. Sina pa kumwonyesha.

Lala, kama watakuacha ulale.

Binti yako wa nne,
Atieno