Mkwe Alipowaka Karibu na Ifunda

Kaka Ambakisye,

Tangu tukuzike Tukuyu, gereji yako ya Mbeya ameichukua fundi mwingine. Si mtu mbaya. Ila gari likifika na taa nyekundu, yeye anakimbilia spana. Wewe ulianza na maswali: imewaka kwenye mlima au tambarare, ilikonyeza kwanza au iliwaka moja kwa moja? Nilikuwa nakereka. Mimi dereva wa hospitali nina wagonjwa wananingoja Mufindi, na wewe unanihoji kama karani wa mahakama. Lakini ukimaliza kuuliza, mkono wako ulikwenda penyewe. Sijaona fundi mwingine wa namna yako, na barabara hii ya Mbeya mpaka Iringa naijua.

Ile taa ya oili uliipa jina Mkwe. Kwenu, ulinieleza, mke wa mtu akimwona baba mkwe anakuja, hangoji salamu, anatoka njiani na kujificha pembeni mpaka mzee apite. "Na wewe ukimwona Mkwe, toka njiani. Habari utauliza injini ikiwa imezimwa." Siku ulipokuta dereva mwenzangu ameiziba taa hiyo kwa plasta ya hospitali, ati inamchoma macho, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Ukimfunika mkwe shuka, ndiyo ameondoka?" Siku hizi madereva wote wa kwetu, Wahehe kwa Wabena, tunaiita Mkwe.

Sasa sikia. Juzi nilimbeba binti wa Igowole, uchungu umemshika na mtoto amekaa vibaya, tunamkimbiza Iringa apasuliwe. Nyuma alikuwa na nesi na mama yake mzazi. Tumeshaipita Mafinga, tunaikaribia Ifunda, Mkwe akawaka.

Kaka, nilikutamani. Kama oili imekwisha kweli na mimi nakazana, injini itakufa na binti atatufia porini. Kama taa inadanganya na mimi nasimama, atatufia vilevile. Nikatoka njiani, nikazima.

"We baba, unasimama nini hapa?" mama yake akaniuliza. "Mwanangu ananifia."

Nilikuwa na wewe tu. Nikachomoa kijiti cha oili: oili ipo, imejaa. Chini ya gari hakuna tone. Injini haikuwa imegonga hata kidogo. Nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikaenda mbele nikachomoa waya wa Mkwe kule kwenye injini, nikarudi kutazama. Ulisema waya ukichomolewa taa lazima izime, na kama haikuzima, usiilaumu oili, ulaumu waya. Haikuzima. Nikaufuata waya kwa vidole mpaka nikafika mahali ulipochunika ngozi na kugusa chuma. Nesi akanipa plasta, nikaufunga, nikaurudisha. Nikapiga stata. Taa ikazima, ikabaki imezima.

Nikakanyaga mafuta, jicho moja kwa Mkwe mpaka Tanangozi. Wewe ulikuwa unafanya hayo huku unapiga mluzi, unanitania kwamba Wahehe tunajua mikuki, magari yametushinda. Sasa ndiyo najua ule mluzi ulikuwa na akili kiasi gani.

Tulifika. Walimpasua. Mama yake alitoka akanikuta nimeegemea gari, akanishika mikono yote miwili na kusema, "Wa kike. Na mwanangu mzima." Nililia, kaka. Msibani kwako nilikuwa mbeba jeneza, sikupata nafasi.

Nakuahidi jambo moja. Nikipata safari ya Mbeya nitapanda mpaka Tukuyu kumwona mama yako. Siku ya maziko alikuwa akirudia neno lile lile, kwamba umeondoka bila kumwachia mtoto hata mmoja. Nitakaa naye jikoni, nimsimulie habari za huyu mtoto wa Igowole, aliyefika salama kwa maswali yako.

Ndaga, kaka, asante kwa lugha ya kwenu. Pumzika.

Mwenzako wa barabarani,
Kalinga