Chumvi Katika Kisima cha Wakwe

Kwa Bibi Mwavita, mushauri wetu wa ng'ambo ya mto, wewe unayesomea wanawake barua zao kila Ijumaa. Salamu nyingi, Bibi, na unisaidie upesi, maana sijui kama nacheka ao nalia, herufi zangu zinasimama pogo, nilisoma kidogo tu kabla ya kuolewa, basi pale utakaposhindwa kusoma bahatisha tu.

Mimi njo mama wa Hadidja, hapa Kindu. Hadidja ni yule aliyefiwa na mume, kisha mutoto wake naye akaenda kwa kuhara, mutoto muzuri, meno mawili tu, na tangu siku ile binti yangu haamini maji. Wengine wanalia wanamaliza, yeye alilia akaanza kuuliza. Anateka ya mto, ya chemchemi, ya visima, anaweka katika mabakuli meupe, anaacha itulie aone kitu gani kinalala chini, ananusa, anapika maharagwe ileile kwa kila maji aone ipi inachelewa kuiva. Watu wakipita mulangoni wanamuchokoza, "Hadidja, leo mto umeamukaje?" naye anajibu bila kuinua kichwa, "Umeamuka mukubwa, pandisha nguo." Na kweli Bibi, ukifika mtoni unakuta maji imepanda!

Sasa Amuri amemuposa. Kijana wa watu, hacheki mabakuli, anayabeba. Nyumba yao ilileta posa muzigo muzima wa chumvi, si ile ya majivu ya majani, chumvi ya kweli iliyotembea kichwani mwa watu kutoka mbali. Na kwao iko desturi, bibi arusi siku anaingia anateka maji mwenyewe katika kisima cha wakwe, anawanywesha wote kwa mukono wake, watoto kwanza. Na watoto wa nyumba ile, Bibi, matumbo yao hayapoi, leo huyu, kesho yule.

Hadidja akaenda kusalimia wakwe, akarudi. Akaniambia, "Mama, choo chao iko juu, kisima iko chini, na udongo wote unainama kwenda mtoni. Maji ya ndani inatembea sawa ile ya juu. Inapita chooni, inafika kisimani."

Nikamuambia, "Umeona kwa macho gani, wewe? Macho ya fuko?"

"Sikuona. Lakini ulimi utaona."

Sikuelewa. Nilielewa siku nilipofunua mutungi nitie chumvi katika mboga nikakuta mweupe, mutupu! Kumbe kila akienda kwa wakwe alikuwa anabeba chumvi katika kibuyu chake, anaimwaga chooni, anafuatishia maji. Chumvi ya posa, Bibi! Ndani ya choo! Nilishika kichwa.

Kisha Mama Amuri akatuita wanawake, kahawa. Akapiga funda la kwanza, akatema. "Riziki! Umetia nini humu?" Riziki njo yule muteka maji wao, walimuleta kutoka pande za Lubutu, hana ndugu hapa. Akapika ingine, palepale mbele yetu. Chumvi. Shangazi mumoja akasema, "Labda machozi ya kahawa," wakacheka. Mama Amuri akaomba maji tupu, akaonja, akanipa mimi, nikaonja, chumvi! Hadidja akanibana mukono, macho yanawaka, akaninong'oneza, "Mama, imefika! Imetembea chini ya udongo, imefika!" Na mimi, Mungu anisamehe, moyo uliruka sawa samaki katika wavu, nilitaka kupiga vigelegele, mutoto wangu amejua kitu ambacho muntu hakuona, nikajifunika uso na nguo wasinione nacheka.

Njo pale Mama Amuri akasimama. "Kisima kimerogwa! Na anayeshika kamba ya ndoo ni mumoja tu!"

Riziki akaanguka chini, "Mama, mimi sijui, mama!" Wakamufungia katika gala la kuwekea mavuno. Wanasema baba mukubwa wa Amuri akirudi kutoka Kampene wataita muganga, Riziki atanywa mwavi, ile sumu ya kupima walozi, akitapika iko safi, akishindwa kutapika njo mulozi, na wote tunajua wale wanaoshindwa kutapika wanaishia wapi. Mashua ya yule mzee wanaingojea leo ao kesho.

Hadidja anataka kukimbia kusema. Nimemushika nguo. Akisema, tumewaambia wakwe wanakunywa choo chao, mbele ya watu! Ndoa imekufa, na labda watasema mulozi njo binti yangu. Akinyamaza, Riziki anakunywa. Bibi, nifanye namna gani? Nampenda huyu mutoto mpaka naogopa, na najivuna naye mpaka naona haya.

Mimi, mama aliyeshika nguo ya mutoto wake, Kindu.

*

Mama Hadidja,

Barua yako imenikuta na tonge mkononi, nimeiacha sahanini. Kwanza pokea vigelegele vyangu, maana vile vyako umevimeza. Binti yako amemuuliza udongo swali na udongo umemjibu. Nimeisoma sehemu ile mara mbili, nimesimama, nimekaa, nimesimama tena.

Sasa keti nikugombeze. Umejaza karatasi kwa mabakuli na maharagwe huku mtoto wa watu amekaa ndani ya gala anasikiliza kila kasia linalopiga maji, akidhani ni la mzee. Riziki naye ana mama mahali fulani, mama huyo hana karatasi wala hana mtu wa kumwandikia. Leo mama yake ni wewe. Achia hiyo nguo uliyoishika!

Ukimaliza mstari huu vaa, uende na Hadidja. Usiingie kwa kelele, mwombe mkwe wako Mama Amuri mwingie chumbani, mwanamke kwa mwanamke. Usianze na choo. Anza na chumvi: sema ni ya Hadidja, ndiye aliyeimwaga, na Riziki hana kosa, afunguliwe kabla hamjaendelea na neno lolote. Mlango wa gala ukiisha kufunguka, hapo Hadidja aeleze habari ya udongo unaoinama. Mwambie mkwe wako hakuna aliyemcheka, kisima kilichimbwa na wanaume, nao hawateki maji.

Akikataa kusadiki, huyu niliyemtuma na barua ana kifurushi cha chumvi yangu. Maji ya kisima yakiisha kurudi matamu, imwageni chooni upya mbele ya macho yake, Riziki akae kwako mpaka ulimi ujibu. Tangu leo watoto wale wanywe ya chemchemi ambayo Hadidja ameiridhia. Amuri, kama anajua kubeba mabakuli, ashike jembe: kisima kipya juu, choo kipya chini kabisa.

Unaogopa ndoa itakufa. Kama wanamkataa aliyewatoa uchafu kinywani, basi iliyokufa haikuwa ndoa, na mtoto wako hajapungukiwa kitu. Lakini mimi naona kijana atachimba. Na siku ya kuingia, Hadidja ateke kisima kipya, desturi ile ile, watoto kwanza, na Riziki asimame mbele ya wote anywe pamoja nao.

Barua hii sitaisoma Ijumaa mpaka nisikie gala limefunguliwa. Likifunguliwa nitaisoma kwa sauti, mpaka ng'ambo yenu msikie.

Nilipofika mstari huu nimeweka kalamu, nimetoka nje kidogo, nimetazama choo changu kiko wapi na kisima changu kiko wapi. Nimerudi ndani nimemwaga maji yote ya mtungi.

Mwambie Hadidja avuke kwangu mara tu Riziki akiwa huru. Chumvi nyingine ninayo.