Mstari wa Mbele ni Wetu

Mambrui, Malindi
12 Agosti 2025

Mwanangu mpenzi Msellem,

Assalamu alaikum. Natumai huko Maskati u mzima, unakula vizuri na joto halikusumbui. Sisi kwa uwezo wa Mungu hatujambo. Babako hajambo, goti tu ndilo linalomchezea. Bibi yako hajambo, kila akiswali anakutaja. Dadako Sahla na mumewe Famau hawajambo, na mtoto wao ameota meno mawili, sasa anauma kila mtu. Hata punda wako Radi hajambo, ngozi inang'aa.

Barua hii anakuletea Bi Mishi, anakuja huko kwa mwanawe, maana ile nambari yako haishiki.

Mwanangu, mashindano ya punda ya mtaani kwetu yamekaribia. Desturi unaijua. Nyumba iliyoshinda mara ya kwanza kabisa ndiyo husimama mstari wa mbele. Ikikosa kukimbia miaka miwili, nafasi yake imekwenda. Mwaka jana tulikosa kwa ajili ya safari yako.

Jirani yetu Ubaid anaitaka nafasi hiyo. Anatangaza barazani eti babake ndiye mshindi wa kwanza. Uongo mtupu! Punda wa babake alifika mbele, kweli, lakini alifika peke yake. Babake alikuwa nyuma huko, anatema mchanga. Babu yako Nassir akafika yuko juu ya punda wake, na wazee wakasema mshindi ni huyu.

Mwaka wa pili babu akashinda tena. Wa tatu alishinda Mgiriama wa Adu, akiitwa Sanga, kaja na punda wa kubebea mkaa. Watu walimcheka, naye akawaacha wote. Babu mwenyewe ndiye aliyemvisha kilemba.

Sasa Famau yuko tayari. Kila asubuhi anamkimbiza Radi ufuoni, na wallahi sijaona punda wa kumshika. Tutashinda. Naogopa tu Famau asianguke, ana mke na mtoto.

Lakini wazee hawampokei punda mpaka mwenyewe amtoe kwa ulimi wake. Mimi siwezi kukusemea, wala babako. Radi ni wako.

Jana Ubaid kanikuta dukani, mbele za watu. "Mama Msellem, punda wenu siku hizi ni wa kukimbia au wa kutazamwa?"

Nikapandwa na hasira. "Msellem ameshatoa ruhusa! Wewe jifunge kamba usianguke kama babako."

Duka zima likacheka. Basi nimeshasema, mwanangu, na wewe bado hujasema.

Bibi yako anakusalimu sana, na babako, na Sahla na Famau. Mungu akufunike kwa rehema zake, akurudishe kwetu salama.

Wazee wanakaa Ijumaa hii baada ya swala. Ukimaliza kusoma, usingoje hata kuvua viatu, mpigie babako simu awape wazee, useme ndiyo.

Mimi mamako, nikuwazaye kila saa,
Zuhra