Uji wa Wangeci

Mpendwa Wanjiku,

Sisi hapa Wamagana tu wazima. Babu yako bado anagombana na ng'ombe, na ng'ombe ndiye anayeshinda.

Unauliza kama ni kosa lako dawa ya matumbo kukukataa ilhali imemsaidia mgonjwa mwenzako. Nilipokuwa mfagiaji wa wodi, miaka michache baada ya uhuru, wanawake wawili walilazwa na ugonjwa kama wako, wakapewa tembe zile zile. Nyambura akapata nafuu. Wangeci akazidi kukonda.

"Wewe unatema dawa!" nesi akamfokea.

"Nameza, sista! Muulize huyu wa ufagio."

Nami, kwa ujuaji wangu, nikasema anakunywa uji mchachu kisiri. Akanyang'anywa kibuyu chake cha uji. Sikutaja kwamba Nyambura alikunywa humo humo, kwa kuwa yeye alikuwa anapona.

Sasa daktari wako anasema askari wa mwili, zile chembe za kinga, hupeana habari kwa njia tofauti ndani ya kila mgonjwa, ndiyo maana dawa humfaa mmoja ikamshinda mwingine. Wangeci hakuwa na wa kumwambia hivyo. Alikufa akituomba msamaha, hata mimi.

Wewe usimwombe mtu msamaha. Mwambie daktari dawa hii imeshindwa, akutafutie nyingine.

Ni mimi, bibi yako, cucu wako.