Cherop, Jumamosi Hukimbii

S.L.P. 46,
Rongai.
11 Machi 2025

Mpendwa Cherop,

Hujambo, mwanangu? Baridi ya huko Marekani imepungua, ama bado unalala na soksi? Huku sisi tu wazima. Mvua imechelewa lakini shamba tumeshalima, na babako amepona kile kikohozi.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwa simu huwa unanikatiza. Dadako Jepchumba ataipiga picha barua hii akutumie leo.

Amenionyesha ujumbe wako. Eti umetegua kifundo kile kile cha mguu wa kushoto, mara ya tatu sasa, umekikanda kwa maji moto na chumvi, uvimbe umeshuka, na Jumamosi unakimbia. Cherop, hukimbii.

Jana nilienda Nakuru makusudi, hadi mtaa wa Free Area, kwa Wamalwa, yule anayefundisha watu mazoezi ya viungo. Alinieleza kwamba mguu ukiteguka, kano huvutika. Uvimbe huisha upesi lakini kano bado zimelegea. Ukikimbia mapema unateguka tena, zinalegea zaidi, na mwishowe kifundo hakikushiki hata ukitembea barabara tambarare. Kisha akaniuliza ni nani aliyekuwa akikukanda.

Ni mimi. Ulikuwa kidato cha pili, siku nne tu baada ya kuteguka. Nilikukanda ukilia, nikakuambia msichana wa kwetu hachechemei, nikakupeleka mbio za Ndabibi. Ukashinda. Tulikuvika sinendet, ule mmea wa washindi, shingoni kama shujaa, nami nikajisifu sokoni mwaka mzima. Kosa hilo ni langu na linaniuma, nisamehe.

Sasa nisikize. Muone daktari wa timu kwanza. Halafu kila asubuhi ukipiga mswaki, simama kwa mguu huo mmoja bila kushika ukuta. Ukizoea, fumba macho. Usirudi uwanjani mpaka uweze kuruka nao bila kuyumba, hata ikichukua miezi mitatu. Kocha akinuna, mwambie una shangazi mkali.

Jepchumba na mama Kiplimo wanakusalimu sana. Babako naye ameshaalika majirani waje Jumamosi kutazama mbio zako kwenye simu. Nitasimama mbele yao niwaambie hukimbii, na niwaambie pia ni nani aliyeharibu huo mguu.

Mungu akulinde kila unapokanyaga.

Shangazi yako akupendaye,
Chepngeno