Baba Amelala Kwenye Shaba

Haarlem, Juni 1654

Dada yangu Aleid,

Kabla ya habari, pokea salamu. Je, kikohozi cha shemeji kimepungua? Na watoto, wanakua? Sisi huku hatujambo, ila mvua imetuharibia vitambaa vilivyoanikwa uwanjani, na mume wangu Floris angali ananuka tindikali ya kuchorea picha zake za shaba hata nimfulie vipi.

Habari kubwa ni ya Baba. Tangu tumzike Mama anakaa kwetu, na hakuna aliyepata kumwona amelala. Nikiamka namkuta anapasua kuni au anageuza vitambaa. Nikimsihi apumzike, hunijibu kwamba kupumzika ni kazi ya paka.

Basi Jumanne mchana usingizi ulimshinda. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kaegemea ukuta, kiatu kimoja kimemvuka, kinywa wazi. Floris akaleta sahani ya shaba iliyopakwa nta, akamchora pale pale kwa sindano. Alipokwisha kuitia tindikali na kuipiga chapa karatasini, machozi yalinitoka. Ni yeye kabisa, mpaka mikunjo ya kofia gotini. Uso wake sijauona umetulia hivyo tangu utoto wetu.

Jirani yetu Neeltje alipoiona karatasi aliangua kicheko: "Mzee Wouter, kumbe nawe hulala! Nilidhani unazunguka tu kama kinu cha upepo!" Baba akaitazama. Akamgeukia Floris: "Umekosa mbwa wa kuchora, wewe mkwaruza shaba? Ichome!" Akatoka.

Nilimfuata bandani, na huko akanieleza jambo ambalo hajamwambia mtu. Alfajiri ile Mama alipofariki, yeye alikuwa kando ya kitanda, akapitiwa na usingizi. Alipozinduka, mkono wa Mama ulikuwa umekwisha kupoa. Alisema, "Maisha yote tumekuwa pamoja, mwanangu, halafu nikamwacha aende peke yake."

Ewe Aleid! Siku zote nilidhani anajua! Mimi niliingia na maji ya moto, nikamkuta kasinzia, nikataka kumwamsha. Mama akanizuia kwa kidole, akaninong'oneza: "Mwache, amekesha mno. Mfunike, mimi nimtazame." Nikamfunika, nikashuka kuchochea moto. Niliporudi baadaye, Baba alikuwa amekwisha kuzinduka na Mama amekwenda, uso wake ungali umemwelekea yeye.

Nilimwambia Baba yote hayo. Akauliza, "Lile blanketi ni wewe uliyenifunika?"

Nikasema, "Ni mimi, Baba, lakini aliyenituma ni yeye."

Alilia kama mtoto. Kisha akapanda kitandani, akalala mpaka kesho yake adhuhuri. Alipoamka alidai supu ya njegere, akala sufuria karibu nzima, na Floris akaambiwa asithubutu kuichoma ile picha.

Nakutumia nakala moja ndani ya barua hii. Ni Baba aliyeichagua. Amesema nikuambie, hivyo ndivyo Mama alivyomwona mara ya mwisho.

Wabusu watoto, na shemeji msalimu sana. Mungu akulinde.

Mdogo wako akupendaye,
Machteld